Kitabu cha Makaa na Makaratasi ya Karafuu

Nikiukumbuka mwaka ule nilipotaka kuwa mtunza hesabu mwenye cheti, kitu cha kwanza kunijia ni uchovu. Si hamu ya elimu, si bidii, wala hayo wanayopenda kuyasimulia watu waliofanikiwa. Nilikuwa karani mdogo katika kampuni moja ya kununua karafuu pale Chake Chake. Asubuhi nilifungua ghala, mchana nilisimama kwenye mizani, jioni nilinakili hesabu za siku kwa mwandiko safi ili mkubwa wa ofisi asipate la kulalamikia. Nikirudi nyumbani nilikuwa nimejaa vumbi la karafuu mpaka masikioni. Mke wangu alikuwa akinitania kwamba chafya yangu moja yatosha kutia kiungo birika zima la chai. Nilicheka mara za mwanzo.

Kazi ya Chake ningeivumilia. Kilichonimaliza ni msimu. Karafuu zikishaiva, sisi makarani wadogo tulitawanywa kwenye vituo vya kununulia huko mashamba, na mimi kila msimu nilipelekwa upande wa Konde, kaskazini kabisa, nikae huko mpaka mkarafuu wa mwisho umalizwe kuchumwa. Aliyebaki Chake alikuwa mmoja tu, karani mkubwa wa hesabu, Mgoa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wote tulimwita Bwana Karani. Yeye alikuwa na kiti chenye mto, meza yenye saraka, na jioni alikwenda kulala kwake.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa nikiwa Konde. Mke wangu alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kisiwani Makoongwe, kama ilivyo ada kwa uzazi wa kwanza. Mtoto alizaliwa alfajiri, akalia, akanyonya kidogo, na kabla jua halijachwa akafariki. Aliyemwadhinia sikioni, kazi ambayo ni ya baba, alikuwa mjomba wa mke wangu, na aliyeshuka kaburini kumlaza ni huyo huyo mjomba. Habari ilinifikia kwa mdomo wa mchukuzi aliyeleta magunia matupu, naye aliitaja katikati ya habari nyingine, akidhani nimeshaambiwa. Nilipovuka kwenda Makoongwe, udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Mke wangu hakunilaumu. Alinitazama akaniuliza kama nimekula, basi. Nililia mbele ya mama mkwe wangu bila haya, naye akatoka nje akaniacha. Tangu siku ile hakuwa akinisemesha ila kwa lazima.

Mke wangu alipopata mimba tena, tulikaa barazani kupiga hesabu, na hesabu ikaangukia katikati ya msimu mkubwa. Yeye aliendelea kuchambua mchele, mimi nikaendelea kuvua viatu.

Ndipo ikaja habari kwamba Bwana Karani anastaafu na kurudi kwao Goa. Mkubwa wa ofisi, Mzungu asiyependa maneno mengi, alituita akasema kiti kile atapewa karani atakayefaulu mtihani wa utunzaji hesabu unaotungwa Uingereza na kufanyiwa Unguja. Asipopatikana wa Pemba, ataletwa mtu kutoka mjini Unguja. Tulitoka ofisini kila mmoja akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Kwangu mambo yalikuwa wazi. Nikipata cheti, mtoto atazaliwa nami niko Chake, mwendo mfupi tu kutoka kitandani kwa mama yake. Nisipokipata, nitakuwa Konde nikipima pakacha za watu.

Mtihani nilijua uko wapi na ni lini. Nisichojua ni nisome kwa kutumia nini.

Kulikuwa na masomo ya posta. Tangazo lake nililiona kwenye gazeti kuukuu: unapeleka pesa Uingereza, wanakuletea somo, unajibu, wanasahihisha, wanakurudishia. Picha ilionyesha kijana aliyechana nywele kwa mafuta, amekaa mezani anatabasamu, na sikuona alama yoyote kwamba alitoka kazini siku ile. Pesa zenyewe zingenitoa roho, lakini kilichonikatisha tamaa ni meli. Nilipiga hesabu nikaona kwamba masomo yote yatakapokuwa yamekwenda na kurudi, mtihani utakuwa umeshapita na mtoto anatambaa. Gazeti lile tulifungia vitunguu.

Kisha kulikuwa na kitabu cha Bombay. Mhindi mmoja wa duka la nguo alikuwa nacho, kimelala juu ya majora ya bafta, bei yake ya kutupa, na majibu ya maswali yote yako nyuma. Moyo wangu ulikipenda hapo hapo kwa sababu ya hayo majibu. Nikakifungua juu ya kaunta nikajaribu swali moja. Lote lilikuwa rupia na ana, na rupia yenyewe ilikuwa imeshaondoka visiwani kwetu, tumo katika shilingi na senti.

"Hesabu ni hesabu, bwana," akaniambia mwenye duka. "Toa rupia, weka shilingi, mambo yamekwisha."

Nikatoa rupia, nikaweka shilingi, nikapata jibu ambalo hata yeye alilikunia kichwa. Nikamrudishia kitabu chake, naye akakirudisha juu ya bafta. Nadhani kiko huko mpaka leo.

Mwisho nikamwendea Bwana Karani mwenyewe. Alinisikiliza huku akisafisha miwani, kisha akatoa sarakani vitu viwili akaviweka mbele yangu. Kimoja kilikuwa kitabu kinene cha Kiingereza, jalada limeliwa na mende, ambacho yeye alikisomea ujanani. Cha pili kilikuwa bunda la makaratasi yaliyoshonwa kwa uzi wa magunia, mazoezi aliyoyatunga kwa mkono wake miaka yote ya kufundisha makarani wapya. Mazoezi yote yalikuwa ya karafuu.

"Chagua kimoja," akasema. "Kingine nitampa karani wa Wete, naye anataka kujaribu. Kaa navyo mpaka Ijumaa."

Nikamwuliza yeye angechagua kipi.

"Mimi nilichagua nilipokuwa na macho," akajibu. "Wewe jitazame mwenyewe."

Sikuweza kusoma baada ya kazi. Watu husema walisoma usiku kwa taa ya chemni. Mimi baada ya sala ya isha nilianguka kama gunia lililokatwa kamba. Wakati wangu ulikuwa ule mwanya mdogo kati ya sala ya alfajiri na kufungua ghala. Nilirudi kutoka msikitini, nikakaa jikoni kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kwa kuwa hakukuwa na pengine penye mwanga, mke wangu akichochea moto wa uji, nami nikafungua kitabu.

Kitabu kinene kilianza vizuri. Kilisema biashara ni nini, mali ni nini, deni ni nini, mambo niliyoyajua tangu niko tumboni. Baadaye kikaingia kwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Bwana huyo alinunua makaa, akayaweka ghalani, akauza, akanunua farasi wa kuyavuta, akalipa ushuru wa mfereji, na sikujua mfereji unatozwa ushuru kwa lipi. Hapo hapo kwenye makaa ndipo macho yalipokuwa yakinifumba. Siku ya kwanza nililala, siku ya pili nikalala, siku ya tatu mke wangu alinishika bega nisije nikaangukia mafiga.

"Kwani humo mna nini?" akaniuliza.

"Makaa," nikamwambia. "Mawe meusi, Wazungu huyachimba chini ya ardhi wakayachoma moto."

Akafikiri kidogo huku akikoroga. "Na kuni hawana?"

Makaratasi ya karafuu yalikuwa mambo mengine kabisa. Nilipoyafungua, nilimkuta mtu na pakacha zake, mizani, makonyo, vile vijiti vya karafuu visivyo na thamani, yaliyochanganywa kwa ujanja, majamvi ya kuanikia, mvua iliyonyesha ghafla, magunia, uzito wa frasila. Niliyaona yote na kuyasikia harufu. Sikusinzia hata kidogo. Mara moja nilijikuta nikimkasirikia muuzaji wa kwenye zoezi kwa kutia makonyo mengi. Mke wangu hakujua kusoma herufi za Kizungu, msahafu tu ndio alioujua, lakini macho yake yalikuwa mazima.

"Ukishika lile buku wasinzia," akasema. "Ukishika makaratasi wachangamka. Miye sioni kwa nini wajinyima usingizi kwa kuchagua."

Siku ya Ijumaa nikamrudishia Bwana Karani kitabu, nikabaki na makaratasi. Nilijiona mjanja. Karani wa Wete alikichukua kitabu bila kukifungua, akakitia kwapani, akaniuliza kama kuna kahawa.

Kwa asiyejua karafuu sharti nieleze jambo moja. Karafuu unayoinunua leo siyo utakayoipakia melini. Hata iliyoanikwa vizuri, ikikaa ghalani huzidi kukauka, na ikikauka hupungua uzito. Karani asiyeliandika hilo ataonekana mwizi siku magunia yatakapopimwa tena. Kwa hiyo katika kila zoezi la Bwana Karani, kabla ya kufunga hesabu, ulikuwapo mstari mmoja wa kupunguza uzito kwa ajili ya kukauka. Niliufanya mstari huo kazini mchana na kwenye makaratasi asubuhi. Ilifika mahali mkono wangu ukauandika wenyewe, bila kuniuliza.

Miezi ile ilinizeesha. Nilisinzia katikati ya hotuba ya Ijumaa, nikaamshwa na kiwiko cha jirani. Nilimpimia mtu karafuu nikamwandikia uzito wa mtu wa mbele yake, tukagombana. Nilimfokea mke wangu kwa sababu ya chumvi, mimi nisiyewahi kumfokea, naye akaniwekea kikopo cha chumvi mapajani akaondoka zake. Tumbo lake lilikuwa likikua, na kila nilipoliona nilishikwa na hofu, nikarudi kwenye makaratasi. Ningesema nilisoma kwa mapenzi ya hesabu ningekuwa mwongo. Nilisoma kwa woga.

Unguja nilikwenda kwa stima, nikatapika njia nzima. Tulifanyia mtihani katika chumba cha skuli chenye madirisha marefu, Mzungu mmoja akitembea nyuma yetu kwa viatu visivyotoa sauti. Karani wa Wete alikaa mbele yangu, shingo yake imetulia. Nikasema bismillahi nikafunua karatasi, na swali kubwa lililobeba nusu ya mtihani lilikuwa la mfanyabiashara wa makaa ya mawe.

Wallahi, nilifurahi. Nililisoma nikaona ni mambo yetu yale yale: kanunua, kaweka ghalani, kauza, kimebaki kiasi gani na thamani yake nini. Nikaandika haraka, kalamu ikitiririka, nikafika mwisho, na hesabu ikakataa kulingana. Nikarudi juu nikahakiki ununuzi. Sawa. Mauzo. Sawa. Nikahakiki ushuru wa ule mfereji, ambao tangu mwanzo sikuuamini. Jasho likanitoka. Nilitafuta kosa mpaka Mzungu aliposema tuweke kalamu chini, na maswali mawili ya mwisho sikuyagusa kabisa.

Niliporudi Chake, Bwana Karani aliniita barazani pa ofisi, akanitaka nimsimulie swali hilo hatua kwa hatua. Nikamsimulia. Nilipofika mwisho akainua kidole.

"Ngoja. Hapo kabla ya kufunga ulifanya nini?"

"Nilipunguza uzito, Bwana Karani."

"Uzito wa nini?"

"Wa kukauka."

Akavua miwani. "Makaa ya mawe?"

Nikainama nikatazama viatu vyangu.

"Uliyakausha mawe," akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayesoma jina kwenye bahasha. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa, na aliponiona sicheki akaacha, akanishika mkono, akasema kosa ni lake, angeandika japo zoezi moja la kitu kisichokauka. Niliona hasira na sikujua nimkasirikie nani. Yeye alikuwa mzee na alinitakia mema. Yule mwenye makaa sikumjua. Nilikwenda nyuma ya ghala nikakaa peke yangu juu ya marobota ya magunia mpaka hasira ikawa huzuni.

Majibu yalikuja na meli. Karani wa Wete alifaulu, akapewa kiti chenye mto. Hakujivuna, na hilo lilinikera zaidi. Siku alipohamia alikuja na kitabu kinene ili amrudishie mwenyewe kabla hajasafiri, nami nikakiomba nikifungue kidogo. Kilifunguka chenyewe kwenye ukurasa wa makaa. Alama ya mate yangu ilikuwapo pale pale niliposinzia, duara la rangi ya chai, na ndani ya duara hilo hesabu ya makaa ilikuwa imefungwa vizuri, mstari kwa mstari, bila kupungua chochote. Baadaye sana niliurudia mtihani ule kwa kutumia kitabu kama hicho, nikafaulu, na hakuna aliyeshangilia, mimi mwenyewe nikiwemo. Wakati niliokitakia cheti ulikuwa umepita.

Jioni ya siku ile karani wa Wete alipohamia nilimwambia mke wangu kwamba nakwenda Konde. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani, yakanipotea mlangoni.

"Lini?" akauliza.

"Lori linaondoka Jumamosi."

"Haya. Basi ntakwenda nawe."

Nikamwambia hakuna nyumba kule, kuna chumba kimoja nyuma ya ghala, bati juu, magunia chini. Nikamwambia mama yake anamngoja Makoongwe.

"Mtoto wa mwanzo nlimzaa kwa mama," akasema, "babake hakumwona. Huyu ntamzaa pale alipo babake. Kama ni kwenye magunia, nayawe magunia. Weye ulisoma hata ukakonda. Yatosha."

Mama mkwe alipoletewa habari alileta majibu makali: mtoto wa watu hazalii ghalani kama paka. Mke wangu hakubishana naye. Jumamosi alipanda lori la kampuni, akakaa mbele kwa dereva na mto mgongoni, mimi nikakaa nyuma juu ya magunia matupu. Kila lori lilipoingia shimoni niligonga bati nikauliza kama yu mzima, mpaka akatoa mkono dirishani kuniashiria ninyamaze.

Msimu ule zao lilikuwa kubwa. Watu walikuja tangu jua halijapanda, uani hapakuwa na pa kukanyaga, na usiku harufu ya karafuu ilipenya ukutani ikatukereketa koo. Mke wangu alilala kwa ubavu, akapika kwa mafiga matatu aliyoyaokota, akafanya urafiki na mkunga wa mtaa wa pili. Siku moja mama mkwe alitokea bila kuitwa, kuku mkononi, mdomo umevimba. Alinipita kwenye mizani bila salamu akaingia chumbani, na hakuondoka tena.

Uchungu ulimshika asubuhi, watu wakiwa wamejaa. Mkunga alinifukuza mlangoni, nikarudi kupima kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kusimama. Nilimwekea mzee mmoja pakacha yake mizanini, nikasoma uzito, nikausahau, nikasoma tena. Akaniambia, "Karani, hebu tulia," kwa upole, kwani uani wote walijua. Jua lilikuwa limeshasimama kichwani niliposikia mtoto akilia. Kilikuwa kilio kikali, cha hasira.

Mama mkwe ndiye aliyetoka. Alisimama kizingitini, leso kichwani imekwenda upande, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Makoongwe.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Njoo umwadhinie mtoto wako."

Nikatia udhu kwenye ndoo ya ghalani. Mikono ilinukia karafuu hata baada ya maji. Wakanipa mtoto, wa kike, amefungwa kanga, mzito kuliko nilivyotarajia. Nikauweka mdomo kwenye sikio lake la kulia, nikaanza kwa sauti ndogo, na katikati sauti ikakatika. Nikangoja. Hakuna aliyeniharakisha, si wa ndani wala wa nje waliokuwa wakisubiri mizani. Nikaendelea mpaka mwisho, kisha nikamgeuza sikio la kushoto nikamkimia sala.

Mke wangu alikuwa amelala juu ya magunia yaliyotandikwa mkeka, uso umelowa jasho. Nikamweka mtoto kwapani mwake. Akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikamwambia sijala. Akamgeukia mama yake, akamwambia anitilie wali.